Kroshia za boho kwa nywele za binadamu: nipange gramu ngapi, na kwa nini za mwanzo zilisokotana?

BintiTabata aliuliza:

Habari zenu, dada na ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu kusuka kroshia (nywele za kuongeza zinazofungwa kwa sindano kwenye mistari iliyosukwa chini) za mtindo wa boho, yaani rasta nyembamba zinazoachiwa vipande vya nywele za mawimbi vikining'inia katikati na mwishoni, nikitumia nywele za binadamu badala ya zile za plastiki. Mdogo wangu anaolewa Tanga wiki ya pili ya Desemba, nami ningependa kusuka siku chache kabla ya safari, nikae nazo mpaka baada ya mwaka mpya, na nirudi kazini Dar es Salaam kichwa kikiwa bado kinatazamika.

Nauliza mapema kwa sababu mwezi Juni nilijaribu na nikaumbuka. Nilinunua mabunda mawili ya inchi 18, nikaamini kwamba yangenifika mgongoni, lakini yaliposukwa yaliishia mabegani. Siku ya kumi na mbili nywele za kisogoni zilikuwa zimegandamana kama sufi, na mwisho wake nilizikata kwa mkasi huku nikihesabu fedha niliyoipoteza. Msusi aliyenisuka alisema kosa ni langu kwa kutopaka mafuta ya kutosha. Nikaongeza mafuta, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Nywele zangu ni za kipilipili, sijazitia dawa kwa miaka minne, na zikinyooshwa zinafika kama sentimita 15. Mapanja yangu yamepungua nywele kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa tangu shuleni. Nyumbani tunatumia maji ya kisima ambayo yana chumvi. Ningependa kujua kiasi cha nywele cha kununua, kama ni vyema kichwa kizima kiwe cha nywele za binadamu au nichanganye, mistari ya chini isukwe vipi, na nizioshe namna gani bila kuziharibu. Kama kuna uwezekano wa kuzitoa na kuzitumia tena, nao naomba nielezwe, maana bei yake si ya kutupa jalalani.

MsusiWaKinondoni alijibu:

Mdogo wangu, pole kwa yaliyokupata, ila mafuta hayakuwa na lawama ya kwanza. Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita, na ulivyoeleza kwamba inchi 18 ziliishia mabegani umenipa jibu la maswali yako yote mawili, la urefu na la kusokotana.

Katika kroshia ya kawaida msusi huchukua kipande cha nywele, hukikunja katikati, hupitisha sindano chini ya mstari, huvuta kitanzi, kisha hupitisha miguu miwili ya kipande ndani ya kitanzi hicho na kukaza. Kwa hiyo inchi 18 zako zilikuwa inchi 9 kila upande, na kwa kuwa wauzaji hupima nywele za mawimbi zikiwa zimenyooshwa, mkunjo wenyewe ulikula inchi nyingine. Huo ndio upande wa urefu, na hauna siri.

Upande wa kusokotana ndio ambao wasusi wengi hatuwaelezi wateja, na wengine hatuujui. Unywele wa binadamu una magamba madogo mno yaliyolaliana kutoka kwenye mzizi kuelekea kwenye ncha, kama makuti yalivyoezekwa kwenye paa ili maji yateremke. Ukikunja kipande katikati, mguu mmoja unaning'inia ncha ikiwa chini kama kawaida, na mguu wa pili unaning'inia mzizi ukiwa chini, yaani magamba yake yameelekea juu. Miguu hiyo miwili ikisuguana kutwa nzima, magamba ya mmoja yanakamata magamba ya mwingine, na kadiri unavyochana ndivyo yanavyozidi kushikana. Rasta za plastiki hazina magamba, kwa hiyo ukizikunja katikati hazikuletei tatizo hili, na ndiyo maana msusi aliyezoea plastiki anaweza kufanya kazi safi kabisa na nywele za binadamu zikamharibikia mikononi.

Suluhisho ni kutozifunga nywele za binadamu kwenye mstari hata kidogo. Mwambie msusi wako afunge rasta ya plastiki kwa sindano kama kawaida, aanze kuisuka kwa mafungu matatu, na akifika sentimita tano au sita chini ya fundo achomeke kipande chembamba cha nywele za binadamu upande wa mzizi, akikunje kidogo tu ili kishike, asuke nacho sentimita tatu au nne, kisha akiachie kining'inie. Ile sehemu fupi iliyokunjwa inabaki imefichwa ndani ya msuko na haisuguani na kitu. Kwa namna hii karibu urefu wote ulioununua unaonekana, na magamba yote yanatazama upande mmoja. Lazima msusi ajue upande wa mzizi ni upi kabla hajaanza: mabunda mengi hufungwa uzi upande huo, basi asiufungue uzi na kuzitandaza mezani zikachanganyika. Akishazichanganya hakuna wa kuzirudisha.

Kwa kiasi, fanya hesabu kama fundi cherehani anavyopima kitambaa. Rasta sabini zinatosha kichwa cha wastani bila kuonekana mizigo. Kila rasta ikipewa vipande viwili vya takriban gramu moja moja, umetumia gramu 140. Ukinunua gramu 150, zinabaki kumi za kuachia vipande vichache kuzunguka uso. Sioni haja ya kichwa kizima cha nywele za binadamu. Plastiki inasimama vizuri ndani ya msuko kuliko nywele za binadamu, ambazo huteleza na kulegea, na nywele za binadamu zinafaa pale mkono na jicho vinapofika, yaani kwenye mawimbi. Mimi huweka nyingi kisogoni, kwa sababu mawimbi ya plastiki ndiyo ya kwanza kuharibika kwa msuguano wa kola na mto.

Mistari ya chini iwe kumi hadi kumi na miwili, ikielekea nyuma, myembamba kidogo mbele ili mafundo yasionekane. Kwa mapanja yako, mstari uanze upana wa kidole kimoja nyuma ya ukingo wa nywele, na vinyweleo vya ukingoni viachwe vipumue. Usikubali fundo lolote la sindano liwekwe juu ya ukingo huo kwa ajili ya kuficha upungufu, maana utakuwa umeutundikia mzigo mahali palipokwisha kuchoka. Ukitoka kwenye kiti na huwezi kuinua nyusi bila maumivu, au ukiona vipele vidogo kwenye mizizi kesho yake, mistari imekazwa kupita kiasi. Rudi ifumuliwe siku hiyohiyo, hata kama msusi atanuna.

Jambo moja la mwisho. Wasusi wengi hupenda kuchovya ncha za rasta kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke. Kwa boho ya nywele za binadamu mkataze, kwa sababu maji hayo yatayachoma mawimbi uliyoyalipia. Ncha zifungwe kwa fundo dogo, zinatosha.

Wambui wa Nairobi alijibu:

Nakubaliana na maelezo ya mwelekeo wa magamba, lakini hayatamsaidia dada kama nywele atakazonunua hazina magamba, na sokoni hizo ni nyingi. Nywele zilizookotwa kwenye vichana na sakafu za saluni huwa zimechanganyika mizizi na ncha tangu mwanzo. Viwandani huoshwa kwa asidi ili magamba yaondoke, kisha hupakwa silikoni ili zing'ae. Nyingi za nywele hizi hupita China, hasa mji wa Xuchang ulioko mkoa wa Henan, ambao umejulikana kwa biashara hii kwa muda mrefu. Zikiwa dukani ni laini kama hariri. Baada ya kuoshwa mara mbili au tatu silikoni inaondoka, na unabaki na uzi mkavu unaosokotana hata ukiwa umesukwa na fundi bora kuliko wote.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba uzi mmoja kutoka ndani ya bunda, si wa juu. Ushike kwa vidole viwili na uvute vidole kutoka kwenye mzizi kwenda kwenye ncha, halafu uvirudishe. Nywele zenye magamba huteleza kwenda na hukwaruza kidogo zikirudi. Zikiteleza sawasawa pande zote mbili, magamba yameondolewa, na hapo neno la remi (yaani nywele zenye magamba yake, zote zikielekea upande mmoja) lililoandikwa kwenye mfuko ni pambo la mfuko. Kipimo cha moto nacho kinafaa, ukifanya nje kwa uangalifu na kwa nyuzi chache: za binadamu hunuka kama manyoya ya kuku yaliyoungua na huacha majivu yanayosagika, ilhali za plastiki huyeyuka na kuwa shanga ngumu nyeusi. Ila kipimo hicho kinakwambia tu kwamba ni za binadamu, hakikwambii kama magamba yapo, na muuzaji mjanja anajua wateja wengi wanaishia hapo.

Ambapo simfuati dada wa Kinondoni ni kisogoni. Mimi nimevaa mtindo huu mara tano, na mara zote tano mawimbi ya kisogoni ndiyo yaliyonitesa, yakiwa ya plastiki au ya binadamu. Safari mbili za mwisho niliomba safu mbili za rasta zilizo chini kabisa kisogoni zisukwe tupu mpaka mwisho, bila wimbi lolote, na mawimbi yaanze usawa wa masikio. Mtu akikutazama kwa nyuma haoni tofauti, kwa sababu ya juu yanafunika ya chini. Unaokoa kama gramu 20, na unalala bila kuogopa.

Na kuhusu mapanja, tafadhali usilichukulie kuwa jambo la urembo tu. Nywele kupotea kwa kuvutwa kulielezwa na tabibu Trebitsch mwaka 1907 miongoni mwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakibana nywele zao kwa nguvu, kwa hiyo si laana ya nywele za Kiafrika, ni kazi ya mvuto wa muda mrefu. Mwanzoni nywele hurudi ukiacha kuzivuta. Ukiendelea kwa miaka, vitundu vyake huziba kabisa. Kama ngozi ya mapanja imeanza kuwa nyororo na kung'aa, muone daktari wa ngozi kabla ya kumuona msusi.

Ummu Nuru, Mombasa, alijibu:

Asalaam aleikum. Nianze kwa kusema kwamba mimi sitii nywele za binadamu, kwani wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wanakataza kuunga nywele kwa nywele za binadamu. Kuhusu zisizo za binadamu wana maelezo marefu ambayo si ya kumalizwa hapa, na anayehusika na awaulize wanaojua. Nalisema hili kwa yule msomaji ambaye pengine hajawahi kuambiwa, kisha niingie kwenye utunzaji, ambao naujua kwa sababu nasuka mabinti zangu wanne wanaoishi ndani ya mitandio na joto la Mombasa.

Maji ya kisima chako, mwanangu, ndiyo yaliyoshirikiana na yale mafuta. Chumvi za maji hayo huzuia sabuni kutoa povu, na mabaki yake yanakaa juu ya nywele kama ukoko wa sufuria. Juu ya ukoko huo ukipaka mafuta mazito, hasa ya nazi, vumbi linanata na nywele zinashikana. Nywele zilizokwisha kukatwa hazina mzizi ulio hai wala hazipati mafuta ya ngozi, ni kweli, lakini zinachohitaji ni unyevu kidogo na ulaini, si mafuta ya kuzikaangia. Tia maji safi kwenye chupa ya kupulizia, changanya na kijiko kimoja cha kondishina nyepesi ya kuacha kichwani, upulize kwenye mawimbi tu, na uyapitishie vidole kuanzia nchani kupanda juu. Chanuo lisiingie. Mafuta yako mepesi weka kwenye ngozi kati ya mistari, matone machache, mara moja kwa wiki.

Kuosha, mara moja kila siku kumi hadi kumi na nne kunatosha. Kwanza gawanya kichwa, usuke mabutu makubwa sita yaliyolegea, ili mawimbi yasiingiliane ndani ya maji. Punguza shampuu kwa maji, sehemu moja kwa sehemu nne, uitie kati ya mistari kwa chupa yenye mdomo mwembamba, ukande ngozi kwa ncha za vidole, kisha uache povu literemke lenyewe kwenye nywele bila kuzifikicha. Suuza kwa maji ya bomba au ya mvua. Desemba kwenu mvua za vuli mara nyingi huwa hazijaisha, basi kinga ndoo mbili uziweke. Kama huna budi kutumia ya kisima, suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, hata lita tano tu.

Sasa kukausha, na hapa nawaomba wote mnisikilize, kwa sababu kuosha kila mtu anajua na kukausha hakuna anayekuwa na subira nako. Mawimbi yatakauka kwa nusu saa, yatakudanganya kwamba umemaliza, huku mistari iliyo chini yake ingali mibichi. Ukijifunga mtandio au boneti juu ya ubichi huo, siku ya tatu kichwa kinanuka uvundo na ngozi inaanza kuwasha, na watu watakwambia una mba. Kamua kwa fulana kuukuu ya pamba, ukae kwenye draya ya joto la chini kwa dakika 40 hadi saa nzima, au uoshe asubuhi siku ambayo hutoki, ukae kibarazani upepo upite. Gusa mistari kwa kidole, usiyaamini mawimbi.

Usiku gawa mafungu manne, uyasokote mawili mawili pasipo kukaza, na uvae boneti ya satini. Kama boneti hukutoka usingizini, tandika foronya ya satini pia. Anayevaa mtandio wa pamba mchana aweke kitambaa chepesi cha satini ndani yake, kwani pamba inazisugua nywele na kunywa unyevu wake.

Na kabla ya kusukwa, loweka rasta za plastiki usiku mmoja kwenye maji yenye kikombe kimoja cha siki, uzisuuze na kuzianika. Wengi wanaowashwa kichwa siku mbili za mwanzo huwashwa na dawa iliyoachwa juu ya rasta kiwandani. Nywele za binadamu usiziloweke hivyo. Zioshe kwa upole zikiwa bado zimefungwa uzi wake, ujue kabisa rangi yake na mawimbi yake ya kweli kabla hazijapanda kichwani.

BintiTabata alirudi:

Nawashukuru sana, na wewe Mama Nuru, shikamoo. Jana nilipita Kariakoo nikiwa na vidole vyangu viwili kama Dada Wambui alivyonielekeza. Duka la kwanza nywele ziliteleza kwenda na kurudi, na muuzaji alipoona nazivuta hivyo aliuliza kama mimi ni mkaguzi. Duka la tatu nilipata zilizokwaruza zikirudi, inchi 16, nikachukua gramu 150, nikaziosha jioni. Mawimbi yamelegea kidogo kuliko yalivyokuwa dukani, ila hayajatimka, na uzi wa upande wa mzizi sijaugusa.

Kuhusu kisogo, nimeamua kumfuata Dada Wambui, safu mbili za chini ziwe rasta tupu. Dada wa Kinondoni asinielewe vibaya, shingo yangu inatoa jasho jingi. Nimebakiwa na maswali mawili. Siku baada ya harusi familia inakwenda kuogelea Pangani, je, niingie baharini au nikae nikilinda mikoba? Na nikae nazo wiki ngapi, kisha nizitoe vipi ili nywele zisalie?

MsusiWaKinondoni alijibu:

Sijakasirika, mdogo wangu. Mwenye shingo ndiye anayelala nayo, na gramu 20 zilizookolewa zitakufaa kuziba zitakazochoka mbele.

Ingia baharini, lakini kwanza ulowanishe nywele zote kwa maji matamu, kwani nywele zilizokwisha kushiba maji hazivuti maji ya chumvi kwa pupa. Suka mabutu mawili makubwa na uyafunge juu. Ukitoka, suuza palepale kabla jua halijazikausha, puliza kondishina, na usiyafumue mabutu mpaka yakauke. Chumvi ikikaukia ndani ya mawimbi, hapo ndipo utarudia ya Juni.

Muda, wiki tano. Ukisuka tarehe 5 Desemba, zinakwisha tarehe 9 Januari, na siku hiyo uiandike sasa, maana ikifika kichwa kitakuwa bado kinapendeza na utatamani kuongeza wiki mbili. Nywele zako zitakuwa zimekua kama sentimita moja na zaidi, na uzito wote utakuwa unaning'inia kwenye hiyo sentimita changa. Kwa kawaida mtu hupoteza nyuzi 50 hadi 100 kwa siku, nazo kwa siku 35 hazina pa kutokea. Kwa hiyo ukiona fumba la nywele kama 2,000 au 3,000 kwenye chanuo siku ya kufumua, usilie wala usimlaumu msusi. Chana kwa vidole kwanza, tia kondishina kwenye mizizi penye uchafu ulioganda, kisha ndipo uoshe. Ukiosha kabla ya kuchana, zitafungamana.

Kuzitoa, anza na nywele za binadamu na uache mafundo ya sindano kwa mwisho. Fumua rasta kutoka nchani kupanda mpaka ukifikie kipande, ukitoe polepole, na kabla hujakiweka chini ukilaze pamoja na wenzake, mizizi yote upande mmoja. Vikifika kama ishirini, vifunge uzi upande huo. Usiseme utavipanga baadaye. Ukishamaliza, kata rasta za plastiki vidole vitatu chini ya fundo, mbali na nywele zako, na uzichomoe kwenye mistari moja moja. Mafungu yako yaoshe yakiwa yamefungwa, uyakalishe kwenye kondishina kwa dakika 20, uyaanike kivulini yakining'inia, na uyahifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Zitakazokuwa zimechakaa nchani punguza inchi moja. Mara ya pili utapata labda theluthi mbili ya ulizonunua, hivyo utaongezea gramu 50 tu.

Siku ya kuja kusukwa, njoo nywele zako zikiwa zimeoshwa, zimenyooshwa kwa mabutu ya usiku mmoja, na bila mafuta. Mistari iliyosukwa juu ya mafuta huteleza, na msusi akiona inateleza hukaza.